Uzito Wako Nyuma ya Foklifti

Baba Ouma,

Miaka yote hii sijakuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo. Watu husema marehemu asemwe kwa mema. Basi wengine wakuseme kwa mema, mimi leo nina yangu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni kutoka godauni ya pamba kule karibu na bandari, unacheka hata hujavua viatu? Nikiuliza kuna nini unaniambia, "Mama Ouma, leo mashine imeshindwa bila mimi." Foklifti ile, mashine yenu ya kuinulia mizigo, ilikuwa na kibao cha chuma ubavuni, kimeandikwa mwisho wa mzigo wake ni tani mbili. Nyapara aliipakia marobota kupita hapo, mpaka magurudumu ya nyuma yanainuka sakafuni. Halafu badala ya kupunguza mzigo, anaita wanaume wenye miili wapande nyuma ili mashine itulie. Wewe uliitwa wa kwanza siku zote, na uliona ni heshima. Ulikula ugali sahani nzima na kuongeza, ukisema mwili huu ni wa kazi.

Nilikuambia, "Baba Ouma, wewe ni mtu, si jiwe la mizani." Ukanijibu kwamba sisi wanawake wa soko la Kibuye tuuze mitumba yetu, mambo ya mashine tuwaachie wenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ile gurudumu liliingia penye sakafu iliyobomoka, marobota yakiwa bado juu, mashine ikalala ubavu. Wenzako wepesi waliruka. Wewe hukuwahi. Dereva ndiye aliyetumwa kuniita sokoni. Alisimama mbele ya nguo zangu akawa anashikashika blauzi kama mteja, nami nilijua kabla hajafungua mdomo.

Kwenye mazishi kampuni ilileta jeneza zuri na lori la kutupeleka nyumbani. Meneja akasimama kando ya kaburi akasema ulikuwa mfanyakazi mwema, ila sheria ya kampuni hairuhusu mtu yeyote kupanda nyuma ya mashine. Nyapara alikuwa pale, anatazama viatu vyake. Wenzako waliopanda pamoja nawe kila siku walikuwa pale pia, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Sheria hiyo waliipata siku uliyokufa. Nilitaka kumrukia yule meneja, mama yako akanishika mkono.

Sasa nisikilize. Ouma amekuwa mwanaume, na mwili ni wako mtupu, mabega hayohayo. Viwanda vya Kisumu vinafungwa kimoja baada ya kingine, vijana wanazurura mjini. Wiki hii nyapara yuleyule amemwita kazini, eti kwa heshima yako. Nikamuuliza Ouma, "Kazi gani?" Akaniambia, "Kupakia tu, mama. Na kusaidia mashine ikilemewa." Alisema hivyo huku anatabasamu. Nimelia, nimemtukana, nimewaita ndugu zako waje waongee naye. Anatujibu kwamba baba yake hakuwa mwoga. Huo ndio urithi uliotuachia, na unanichoma kuliko siku ya kaburi.

Jumatatu anaanza. Mimi maneno yameniishia, na yeye ananiona mama tu, mtu wa kuogopaogopa. Watu wetu wanasema waliokufa huwatokea watu wao usingizini. Kwangu hukuja hata mara moja, na sikukuita. Nenda kwa mwanao kabla ya Jumatatu. Lakini usimwendee na ile suti tuliyokuzika nayo. Mwendee vile walivyokutoa chini ya chuma, na kifua kile kilichopondeka, akutazame vizuri.

Ni mimi mkeo,
Mama Ouma