Ugali Nilioukataa Mbele ya Watu

Bagara, Babati

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute mguu umepona na Mama ameshaacha kuhangaika na ile mibuni peke yake. Mimi mwili ni mzima. Kifua kilinibana kwa baridi inayoshuka huku kutoka mlima Kwaraa, lakini kimeachia. Kisichotulia ni moyo, ndiyo maana leo nakuandikia kwa urefu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza swali moja tu, tena bila salamu: "Kemi, umefukuzwa chuo?" Kumbe binamu Deo alipita Bonga na lori lake, akaniona nimesimama juu ya pikapu mnadani na kipaza sauti mkononi, akaja kuwaambia kwamba siku hizi nauza dawa ya panya. Baba, nilicheka, halafu nikalia kidogo. Sijafukuzwa. Bado ni mhadhiri. Ila Deo hakuongopa: kwenye pikapu nilikuwepo, na kelele nilikuwa napiga kweli. Ngoja nikueleze.

Unajua tulikuja huku kupima mahindi. Mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka vizuri huota kuvu, na kuvu nyingine ina sumu. Sumu hiyo huioni kwa macho, na hata ukiusonga ugali mpaka jua lizame haitoki. Inakula ini polepole, na watoto wanadumaa. Kazi yetu ilikuwa kuomba unga kidogo kila nyumba, kuupeleka maabara, kisha kuandika matokeo kwa Kiingereza ili wataalamu wenzetu wasome. Basi, imeisha hapo.

Mwaka jana mwanamke mmoja wa upande wa Mutuka alinipimia kikombe cha unga, lakini mfuko hakuuachia. Akaniuliza, "Aliyekuja kabla yako alichukua kikombe. Na wewe unachukua kikombe. Majibu yetu huwa mnampa nani?"

Huku kila ofisi ina kibao kipya kwa sababu ya huu mkoa mpya, na kila mtu ametoka mahali pengine, amekuja kuandika kitu kuhusu wenyeji. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ndipo nikaomba pikapu ya mradi, nikaanza kuzunguka minadani. Siku ya kwanza niliwahutubia kama wanafunzi wa mwaka wa tatu. Watu wakaondoka mmoja mmoja kwenda kuangalia mbuzi. Mama Safari, fundi cherehani jirani yangu hapa Bagara ambaye huwatafsiria wazee kwa Kigorowa, akaninyang'anya kipaza sauti.

"Daktari," akasema, "unaongea kama unasoma hukumu. Hawa watu umeshawafunga. Waambie basi watokeje."

Tangu siku hiyo nikawa naanza na turubai. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Chambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, wala usizipeleke kwenye pombe. Watu wakaanza kubaki, wengine wakinifuata mpaka mnada unaofuata. Baba, sijawahi kufurahia kazi yangu namna ile.

Kisha nikaharibu. Mtu mmoja aliuliza, "Hiyo sumu mmeikuta wapi?" nami kwa kunogewa na kipaza sauti nikakitaja kijiji kwa jina. Hapa sikitaji, nimeshakitaja mara moja na ilitosha. Wiki ile ile wanunuzi wa mahindi wakapita kijijini pale bila hata kupunguza mwendo.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita. Nilikuta uwanja wa shule umejaa watu. Katikati kuna meza, juu yake ugali unafuka moshi na bakuli la maziwa ya mgando. Pembeni wamekaa wanunuzi wawili, wameitwa washuhudie. Mwenyekiti hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

"Daktari, hatutaki ugomvi," akasema. "Mama Bura amepika. Kula mbele ya hawa mabwana wakuone, mambo yaishe."

Unajua ulivyotulea. Kukataa chakula cha mtu ni sawa na kumtemea mate. Nikanawa mikono. Nikanyoosha mkono mpaka nikausikia ule mvuke kwenye vidole. Halafu nikawatazama kina mama waliobeba watoto mgongoni, nikaona kwamba nikilimeza tonge lile nitakuwa nimewaambia unga wote wa pale ni salama. Na mimi sikujua. Haukuwa umepimwa.

Nikaurudisha mkono. "Mwenyekiti, naomba mnisamehe. Siwezi kula. Nikila nitakuwa nimesema jambo nisilolijua. Nilikosea kuwachafua wote kwa sababu ya nyumba chache; nisikosee tena kwa kuwasafisha wote kwa tonge moja. Nipeni unga wa kila nyumba, wa Mama Bura uwe wa kwanza. Nitaupeleka mwenyewe, na majibu nitayaleta mwenyewe."

Mama Safari akatafsiri. Mzee mmoja, aliyejua kwetu ni kwenye migomba, akasema, "Watu wa ndizi wanajua nini habari za mahindi?" Wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Mama Bura ni bibi mrefu, mkavu. Aliufunika ugali wake kwa sinia, akaunyanyua, akaondoka nao. Nilibaki namtazama mgongo na mikono yangu bado imelowa.

Jioni ile nilijua hakuna atakayeleta unga. Kesho yake wakaleta, karibu nyumba zote. Nikapanda basi nao, kwenye mapaja yangu, mpaka chuoni. Mkuu wa idara aliponiona hakuuliza habari za mifuko ile. "Dokta, makala iko wapi? Wenzako wanapanda vyeo, wewe unapanda pikapu." Amenitaka nirudi kufundisha mwisho wa mwezi huu, la sivyo nafasi yangu atapewa mwingine.

Nikarudi Babati kusubiri. Baba, sikujua kwamba kusubiri kunachosha kuliko kulima. Nilifua nguo ambazo ni safi. Nilitembea mpaka stendi na kurudi bila kununua kitu. Kanisani nilisimama wakati wenzangu wamekaa. Niliyaogopa majibu yote mawili: unga ukiwa safi, nimemwaibisha bibi wa watu bure, ukiwa mbaya, watoto wanaula huku mimi nimekaa nasubiri karatasi.

Karatasi zilikuja wiki iliyopita. Nyumba nyingi ziko salama. Tatu ni mbaya, tena mbaya sana. Na unga wa Mama Bura ulikuwa safi kuliko yote. Ugali ule ningeumaliza wote na nisidhurike.

Nilirudi uwanjani pale pale, wanunuzi wakiwepo, nikalisema hilo kwa mdomo wangu. Zile nyumba tatu sikuzitaja. Mama Bura akasimama.

"Nilijua ni safi," akasema. "Nilichambua mwenyewe, punje kwa punje. Hukuniuliza."

Ni kweli, Baba. Nimepima unga wa watu mwaka mzima, na sijawahi kumuuliza hata mmoja huwa anaufanyaje. Nikamuuliza hapo hapo. Akaanza kueleza kwa Kigorowa, mikono ikionyesha jinsi anavyopepeta, anavyoanika, anavyong'ata punje kusikiliza kama imekauka. Alieleza kwa muda mrefu. Watu walimsikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi, na Mama Safari alinogewa mpaka akasahau kunitafsiria. Wanunuzi wameahidi kurudi. Kama watarudi, sijui.

Zile nyumba tatu nilikwenda kwa miguu na Mama Safari, bila kipaza sauti. Ya kwanza walimwaga mahindi yao tukiwatazama, na mradi ukawapa mengine. Ya pili walilia kwanza, ndipo wakamwaga. Ya tatu ni ya mama mmoja kijana ambaye mtoto wake ndiyo kwanza ameanza uji. Alinifungia mlango. Akasema kutoka ndani, "Mwanangu ananenepa. Nendeni zenu." Nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nimeona moshi unatoka jikoni.

Sasa unaelewa kwa nini situlii. Mwisho wa mwezi unakuja na mkuu wa idara sijamjibu. Uliuliza kama nimefukuzwa. Naogopa kukuambia kwamba nikibaki huku inawezekana nikafukuzwa kweli. Nikiondoka, yule mtoto ataendelea na uji wake. Umesimama kanisani miaka mingi kama katekista, unajua kuongea na watu ambao wengine hawataki kusikia. Niandikie unavyoona, hata kama ni kunigombeza.

Jana Mama Bura alimtuma mtu kwangu. Anasema leo Jumamosi nifike mapema, atanipeleka mwenyewe kwenye ule mlango. Yeye hawezi kufungiwa, kwa sababu ndiye aliyemzalisha yule mama kijana. Halafu akaongeza, "Mwambie asinywe hata chai. Aje na njaa."

Nisalimie sana Mama. Msalimie kaka Mugisha anayekusaidia shambani, na mkewe aliyejifungua. Mtoto nitamwona akiwa bado hajatambaa, Mungu akipenda. Shangazi wa karibu na parokia mwambie gauni lake ameshalishona Mama Safari, limebaki kupigwa pasi tu.

Naishia hapa. Pikapu imeshawashwa nje, na tangu jana mchana sijatia kitu tumboni.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,
Kemilembe