Bafle ya kwenye mulango

Butembo, Jumamosi, siku ya posho, 2002

Kavira, bibi yangu wa ndoa, ana akili kunipita. Kwa duka nilipenda mashini kubwa ya sauti ya filme, ya kutetemesha nyumba. Yeye akamuambia muuzishaji: "Papa, inyamazishe. Nione inachukua muda gani kunyamaza."

Muuzishaji alicheka. Kavira hapana. Juzi majirani balisikia masasi ya bunduki inje, bakafikiri ni ya filme. Mimi sikuwaza ile. Kavira akachagua mashini ndogo, ya bei chini, yenye kunyamaza mara moja.

Nyumbani tulianza kupanga bafle, visanduku vya kutoa sauti, kila pembe ya salon, sauti ituzunguke. Ile ya kuweka kwenye mulango Kavira akaiacha ndani ya karto yake ya duka.

"Filme itasikilikana nusu," nilimuambia.

"Upande ule tusikilize ya inje, kule barabarani."

Nimesogeza kiti changu pale kwenye mulango.