Bibi, Ujumbe Wako Ulikuja Kwangu

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara tatu na kila mara nimekwama hapo, kwa sababu sijazoea kuendelea na mazungumzo kabla hujaitikia. Leo naendelea hivyohivyo. Nina jambo ambalo sikulisema siku tulipokuzika, wala siku ya kuanua matanga.

Kwanza habari za nyumbani. Ng'ombe wako amezaa, ndama dume, na Baba Mdogo Elia analalamika kama kawaida yake kwamba angetaka jike. Migomba mitatu ya upande wa mfereji imeangushwa na upepo. Baba Mdogo bado anaishi kwenye nyumba yako kama kitinda mimba anavyopaswa, ila sasa hatembelewi. Jumapili iliyopita shangazi zangu wawili walipita mbele ya lango wakienda kanisani, yeye amesimama palepale, na hawakumsalimia. Wanasema aliachiwa kihamba, shamba la ukoo na nyumba yake, ili akutunze, akakaa na mama yake nyumba moja na akamwacha augue mpaka akaisha. Maneno hayo yamesemwa mbele yangu, Bibi, nami nikaendelea kuosha vyombo.

Si yeye. Ni mimi.

Ulikuwa ukiniuliza kazi yangu ni nini, nami nakujibu kwa mkato, "Kompyuta, Bibi." Acha leo nikujibu vizuri. Pale kituo cha afya mjini nilipewa kazi ya kuifanya programu yetu iwatumie wagonjwa ujumbe yenyewe, bila mtu kushika simu. Majibu yakiingizwa, programu inafungua rekodi ya mgonjwa, inachukua jina na namba ya simu, inatuma. Kwenye ujumbe ule mimi siandiki jina la mtu. Naacha nafasi, kisha naielekeza ile nafasi ichukue jina kwenye rekodi ipi, na namba ya simu kwenye rekodi ipi. Ukiielekeza kwenye rekodi isiyo ya mgonjwa huyo, haitakuuliza. Itachukua tu kile ilichokikuta pale na itatuma.

Njia sahihi ilikuwa kufuata namba ya faili, kwa kuwa kila mgonjwa ana yake. Lakini majibu ya maabara ya nje yalikuwa yanaingizwa kwa jina peke yake, na kuyaunganisha na mafaili ilikuwa kazi ya siku mbili tatu. Nilikuwa na haraka ya kuonekana nimemaliza. Nikaiambia programu imtafute mgonjwa kwa jina, na ikikuta zaidi ya mmoja imchukue wa kwanza. Ni kisanduku cha kuweka alama tu. Nikaweka.

Mgeni angeweza kusamehewa kosa hilo. Mimi nimezaliwa huku. Nani kwetu asiyejua kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba? Una watoto watatu wa kiume na kila mmoja ana Anansia wake. Mtu akiita jina hilo uani siku ya Krismasi tulikuwa tunageuka wanne, na wewe ukiwemo, ukacheka na kusema umejizaa mwenyewe mara tatu. Halafu mimi, Anansia mkubwa kuliko wenzangu, nikatengeneza kitu kinachoamini kuwa jina moja ni mtu mmoja.

Na huyo wa kwanza kwenye orodha alikuwa mimi. Kabla ya mgonjwa yeyote nilijiandikisha mwenyewe kwa ajili ya majaribio, jina langu, la ukoo, na simu yangu, ili nione kama ujumbe unafika. Ulifika. Kuna siku nilikuwa naupata hata mara kumi: "Anansia, majibu yako yako tayari. Tafadhali fika kituoni haraka." Niliuzoea kama mtu anavyozoea kubweka kwa mbwa wa jirani.

Miguu ilipoanza kukuvimba ulitaka kwenda zahanati ya kanisa huko huko juu. Mimi ndiye niliyekusihi ushuke mjini, uhudumiwe ninapofanyia kazi. Wakatoa damu, daktari akakwambia majibu yatarudi kutoka maabara ya nje baada ya siku kadhaa na utapata ujumbe. Ulinitazama kwa fahari, Bibi. Ulimwambia yule muuguzi kwamba mashine hiyo ni ya mjukuu wako.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilipanda kukuona. Tulikuwa jikoni kwako, unamenya ndizi za mtori, mimi nachochea moto, simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaitazama. Anansia, majibu yako yako tayari. Ukauliza ni nani. Nikasema, "Ni mimi mwenyewe, Bibi. Najitumia." Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka, ukasema watu wa mjini tumekosa wa kutuandikia. Nikairudisha simu mfukoni. Sikujiuliza hata kwa nini jaribio lije Jumamosi, wakati siko kazini na hakuna aliyekuwa anajaribu chochote. Ulikuwa umekaa karibu nami kiasi kwamba maganda ya ndizi yalikuwa yanaangukia kwenye viatu vyangu.

Siku chache baadaye Baba Mdogo akanipigia. Alisema umevaa viatu vyako vya kanisani na unataka akupeleke mjini kwa pikipiki ukaulize majibu. Alikuwa tayari, pikipiki ameshaitoa nje. Nikamwambia akupe simu. Unakumbuka nilichokwambia. Nilisema usijichoshe na barabara ile, kama kungekuwa na shida mashine ingekuita, ukiona kimya ujue uko salama.

Ukasema, "Kimya kingi kina mshindo, mjukuu wangu."

Nami nikacheka. Baba Mdogo ameniambia baadaye kwamba ulivivua viatu taratibu, ukavifuta vumbi ambalo havikuwa nalo, ukavirudisha chini ya kitanda.

Tulipokushusha hospitali ulikuwa hututambui tena. Daktari alisema ni figo. Alisema tungewahi wiki mbili tatu kabla, labda. Hakuimalizia sentensi, na mimi sikumwomba aimalize. Kila siku naimalizia mwenyewe.

Nilirudi kazini baada ya mazishi. Nikafungua orodha ya ujumbe uliotumwa, ili niwe na mtu wa kumlaumu, nakwambia ukweli. Nilitaka kuona kwamba daktari alichelewa kuingiza majibu. Nikakuta jina lako, siku ile ya Jumamosi, ujumbe umetumwa, umepokelewa, na namba ya simu ni yangu. Watu husema majuto ni mjukuu. Nilikaa nikatazama kioo cha kompyuta mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni kichwa. Kisha nikaifanya ile kazi ya siku mbili tatu niliyoikwepa. Niliifanya kimyakimya, wala sikumwambia mtu.

Wiki mbili zilizopita ndipo nilipompelekea Baba Mdogo jani la isale, la kuombea msamaha. Nililichuma kwenye mpaka wa shamba lako, nikalifunga fundo kama ulivyotufundisha, maana jani hilo aliyekosewa halikatai. Nilimkuta anarudi na majani ya ng'ombe. Akalipokea kabla hata hajajua ni la nini. Akakaa juu ya mzigo wa majani, akanisikiliza mpaka mwisho, uso wake chini. Nilingoja anipige au alie.

Aliuliza kitu kimoja. "Na wengine?"

Sikumwelewa. Akasema, "Hao wengine wenye majina ya bibi zao. Wameitwa?"

Bibi, sikuwa nimewafikiria. Nilikuwa nimelikumbatia kosa langu kwa nguvu mpaka nikasahau kuwa lingeweza kuwa linaua mtu mwingine. Hilo linaniaibisha hata kuliko lile la kwanza. Jumatatu asubuhi nilimweleza mganga mkuu wa kituo kila kitu. Hakufoka. Alivua miwani, akaita karani wa mafaili, tukapitia ujumbe mmoja mmoja, faili la karatasi pembeni. Tulipata watatu ambao ujumbe wao ulikwenda kwa watu wengine. Wawili walikuwa wameshatibiwa kwingine. Wa tatu ni mama mmoja wa vijiji vya juu ya kwetu. Ujumbe wake ulikwenda kwa binamu yake wa jina hilohilo aliyeko Dar, naye akaupuuza.

Nilipanda mwenyewe kumfuata. Nikamuuliza jina lake, la baba yake, la mama yake, la bibi yake, namba ya faili, mpaka akaniuliza kama nimetumwa kuchunguza ukoo kwa ajili ya posa. Nilishindwa kucheka. Nilimshusha siku hiyohiyo, na ameanza dawa. Mimi kazini nimeambiwa nisubiri barua, na itakavyokuja nitaipokea.

Lakini siandiki kwa sababu ya kazi. Jumapili hii baada ya ibada kuna kikao cha ukoo uani kwako. Wamekusudia kumwondoa Baba Mdogo kwenye kihamba. Nilipomwambia nitasema, alikataa. "Nyamaza," alisema. "Mimi wameshanizoea. Wewe unalo jina la mama. Wakikuchukia wewe, kila wakiliita jina hilo watachukia." Aliongea kwa upole, kama anayenipa zawadi, na mimi nilitamani kuipokea. Kwa siku mbili nzima, Bibi, niliipokea moyoni. Nililala vizuri siku hizo mbili. Ndiyo maana sasa najiogopa.

Sikuombi unisamehe. Ungesamehe upesi mno, nakujua, na juu ya hayo ungenipikia. Pumzika, Bibi yangu. Pumzika kwa babu, na usiwe na wasiwasi na nyumba yako.

Nakuahidi kwamba Jumapili nitasimama kabla hawajalitaja jina la mwanao. Sentensi ya kwanza ninayo tayari, nimeifanyia mazoezi chumbani kwangu mjini, mtaa wa Majengo: "Baba Mdogo hana kosa." Ya pili bado inanishinda. Nikifika kwenye "mimi" sauti inakatika. Itakatika na Jumapili pia, mbele ya shangazi zangu wote. Nitasimama hapohapo mpaka irudi, na sitakaa chini kabla sijaimaliza.

Mjukuu wako,
Anansia