Ndoa ya Zaina na Simu ya Kampuni

Kaka yangu Mwinshehe,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Maskati nikiwa mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo umechafuka. Natumai mguu wako umepata nafuu na shemeji hajachoka kukukanda. Miono mvua zimenyesha? Mihogo ya bondeni imeshika? Nijibu hayo kwanza kabla ya kunilaumu, maana lawama najua unazo.

Wageni wa Lugoba walikuja, wakala pilau yetu, wakarudi bila mke, na sababu ni mimi baba yake Zaina. Siku ile kwenye simu nilikuwa natukana tu, kwa hiyo acha nikueleze vizuri.

Sheikh alitupa njia mbili: ama auone uso wangu kwenye simu ya video nikimwozesha binti yangu kwa ulimi wangu, ama nikufanye wewe wakili wangu kwa maandishi yenye mashahidi wawili. Ukaniambia, "Mdogo wangu, andika. Mambo ya simu hayana dhamana." Nikakujibu kwa kiburi kwamba binti ninaye mmoja na mdomo ninao.

Simu niliichukua dukani kwa kampuni ya laini, mpya, kwa ajili ya siku hiyo. Tukawa tunaonana mimi na wewe bila tatizo. Tangu Jumatatu ikawa inanisumbua, inataka apdeti, naiambia ngoja. Ijumaa baada ya swala nikasema leo ni harusi, mimi naoga navaa kanzu, simu nayo ioge. Nikabonyeza kukubali. Huo ndio ujinga wangu, na siukani.

Ilipowaka, kitufe cha video hakipo. Mahali pake wameweka kitufe chao, kinachosema simu za video sasa ni za kifurushi cha kampuni, na kifurushi chenyewe hakitoki nje ya nchi. Juu yake wameniongezea mchezo wa kupasua mapovu na programu ya kubashiri mpira, na zote mbili hazifutiki. Mtu mzima na ndevu zangu, wananitia kamari mfukoni na kuniondolea uso wa mwanangu.

Ndipo nikapiga simu ya kawaida, ukampa Sheikh. "Bwana Shomari," akasema, "sauti hufanana. Nataka uso wako, au mkono wako kwenye karatasi." Hakukosea. Nyuma yake niliwasikia wakwe wakiulizana kama mzee amekataa.

Kesho yake nikaenda dukani. Muuzaji ananukia udi, na Kiswahili anakijua kwa bibi yake wa Unguja. "Mzee, apdeti inatoka kiwandani, sisi tunapitisha tu." Nikawapigia wa kiwandani, wakasema kitufe walikiweka, aliyekiondoa ni kampuni ya laini. Nikarudi dukani. "Lakini mzee, masharti si uliyakubali mwenyewe?" Nikaomba basi anirudishie ya zamani. Akasema hairudi, wameifunga. Ananiambia hayo huku anatabasamu.

Kilichonimaliza ni Idi wa Chalinze, dereva mwenzangu wa maboza ya maji. Ijumaa ile alikuwa zamu jangwani. Aliporudi akatoa simu yake: jina lile lile, umbo lile lile, ila aliinunua Kariakoo, haina kampuni juu yake. Apdeti ameweka ile ile, na video ipo. Kumbe kuna watu wamekaa mezani wakaamua nani aonane na watu wake na nani asionane. Nawaonea kinyaa, Kaka, na simu yao naishika kwa ncha za vidole.

Idi anakuja likizo kesho, na barua hii imo begini mwake. Nisalimie mama yake Zaina, mwambie hasira zake ni haki. Msalimie na shangazi aliyesimama jikoni bure. Zaina mwenyewe mwambie sikumkataa mchumba wake.

Haya, soma hapa mbele ya Sheikh. Mimi Shomari bin Kibwana, walii wa binti yangu Zaina, nimekuwakilisha wewe ndugu yangu Mwinshehe bin Kibwana umwozeshe kwa Rajabu wa Lugoba, kwa mahari waliyokubaliana. Mashahidi wangu ni Idi na imamu wa msikiti wetu wa huku. Sahihi zao ziko chini ya yangu.

Neno "nimekuozesha" nimelifanyia mazoezi wiki tatu ndani ya boza, peke yangu, mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Sasa liseme wewe, wala usiharakishe.

Mdogo wako,
Shomari