Keekee Iliyotoka Barafuni

Jumatatu, 3 Agosti
Kesho tunapanda kupima barafu ya mlimani! Viatu tayari, futi ya kupimia tayari, rangi nyekundu ya kupaka mawe – tayari. Nimemuaga Baba. Kama kila mwaka, akaniambia: ukiiona keekee yangu huko, niletee. Anacheka, lakini namjua. Miaka ishirini na tisa iliyopita keekee yake ya kutobolea barafu ilitumbukia kwenye ufa. Ofisini wakasema kaiuza. Kazi ikaota mbawa. Mpaka leo inamkereketa.

Jumatano, 5 Agosti
Jiwe tulilopaka mwaka jana ukingoni mwa barafu lipo palepale. Barafu haipo! Tumevuta futi kutoka jiweni hadi ukingo mpya: mita thelathini na nne. Mrefu, mwenzangu wa kazi, akadhani kasoma vibaya, akarudia. Thelathini na nne. Mwaka jana zilikuwa kumi na moja. Tukapaka jiwe jingine.

Alhamisi, 6 Agosti
NIMEIPATA! Jamani, nimeipata! Naruka kijito, naona chuma kimechomoza topeni, hatua tatu tu kutoka barafuni. Navuta – keekee! Mpini umepinda, na jina la utani la Baba alilolichora kwa msumari: FUTI. Nilipiga kelele mpaka Mrefu akaja mbio akidhani nimevunjika mguu. Nimelia, nimecheka, nimeibusu na kutu yake. Baba hakuiba!

Ijumaa, 7 Agosti
Moja kwa moja ofisini, na matope yangu. Nikaitua mezani kwa mkuu – puu! Akatoa faili la zamani, akalinganisha namba na ile iliyogongwa kwenye chuma. Ndiyo yenyewe. Akasema barua ya kumsafisha Baba ataiandika wiki ijayo. Nikamwambia nasubiri. Nikavuta kiti, nikakaa. Kaiandika!

Jumamosi, 8 Agosti
Baba kaisoma barua mara tatu, ya tatu dirishani ili jirani asikie. Mama kacheka hadi machozi. Sijawahi kuwa na furaha kama hii, sijawahi!

Halafu Baba anaigeuzageuza keekee. Eti ule ufa ulikuwa katikati kabisa ya barafu, na barafu ile haitembei, kikizama kitu kinabaki palepale. Siku ile alitembea nusu saa kutoka ukingoni kuufikia. Sasa anataka kujua nimeiokota umbali gani kutoka ukingoni. Nimejifanya nina kazi ya kuandika; nitamwambiaje ni hatua tatu tu? Kavuta kiti, kakaa. Anasubiri –