Chepyegon Hakulewa, Feni Ilikuwa Imeziba

Chepilat, Sotik
16 Julai 2024

Mpendwa ndugu yangu Bogonko,

Salamu kwanza, maana hasira haijaninyima adabu. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Natumaini wewe, Judy na watoto hamjambo huko Minnesota.

Sasa tuje kwa maneno yako. Nilipoomba hita ya pikapu itengenezwe, uliandika kwenye grupu ya familia: "Hita ni anasa. Pikapu yangu iliingia mtaroni kwa sababu Chepyegon alikuwa amelewa. Afutwe kazi mwisho wa mwezi." Kisha ukatoka kwenye grupu kabla hatujakujibu. Ndiyo maana nimeandika karatasi, na Nyaberi anayesafiri kesho kuja huko atakukabidhi mkononi.

Amelewa? Nilikuwa nimeketi kando yake akiendesha, Bogonko. Tulikuwa tunapeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia alfajiri, ukungu umejaa barabarani, kioo cha mbele kimejaa mvuke kwa ndani. Feni ya hita ilikuwa imekufa, hewa ya kukikausha haikuwepo. Nilifuta kwa leso, pumzi zetu zikarudisha mvuke. Wanawake wawili wenye vikapu walipotokea, tulikuwa karibu kuwagusa. Chepyegon alichagua mtaro. Mlevi angewakanyaga.

Na hiyo anasa: wewe huko huondoi gari kabla kioo hakijakauka. Julai ya Sotik unaijua, umekulia ndani yake.

Sikutaka kubishana kwa mdomo mtupu. Mimi na Chepyegon tuliangalia fyuzi, ni nzima. Tukagusisha balbu kwenye waya wa feni, ikawaka. Basi umeme unafika. Tukafungua chini ya dashibodi upande wa abiria, tukaitoa feni yenyewe. Imejaa majani ya chai yaliyooza, yamebanana hata haizunguki. Tuliisafisha, tukairudisha, ikavuma, na kioo kikakauka.

Yaliingiaje? Foleni ya kituo ikiwa ndefu, sisi hupanga magunia juu ya boneti, kama kila mtu hapa. Kwa sababu hiyo Chepyegon alikuwa ameziba matundu ya hewa chini ya kioo kwa wavu wa waya. Desemba ukaja nyumbani na simu yako, ukitaka kuipiga pikapu picha. "Toa hii takataka, profesa wa waya," ulimwambia. Alikuonya kwamba majani yataingia. Ulicheka. Akautoa, kwa kuwa gari ni lako.

Tangu ujumbe wako, anaacha funguo kizingitini na kukataa chai ya Mama. Miaka yote hii alikuwa anakunywa jikoni kama mtoto wa nyumba.

Wavu nimeurudisha mwenyewe. Usiuguse tena.

Msalimie Judy, na shangazi Bilhah ukimpigia. Mungu awafunike nyote, hata wewe.

Wasomee barua hii kwa simu ndugu zetu Mageto na Kebaso, walioinua vidole gumba chini ya maneno yako. Wewe rudi kwenye grupu, kisha nyote watatu mtajeni Chepyegon kwa jina, mwandike kwamba hakulewa. Na wewe Bogonko, uandike nani aliyeamuru wavu utolewe.

Dada yako akupendaye bila kukuogopa,
Jerusa