Sanduku Lilikuwa Tupu

4 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi naenda kwa mwendo wa saa mbovu. Moyo umechoka. Daktari alisema ni miezi, na alipokuwa akisema alikuwa akiitazama kalamu yake, nikajua kwamba ni michache.

Kuna muuguzi anayekuja kila asubuhi. Jana aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia kuna chembe ndogo iitwayo muoni, jamaa mzito wa elektroni. Huishi sehemu mbili tu za milioni ya sekunde, kisha huvunjika, na ikivunjika huacha elektroni na nyutrino mbili, chembe nyepesi mno zisizoonekana, ili hesabu ya kila ukoo wa chembe ibaki sawasawa. Mimi na mpwa wangu tulingoja muoni ivunjike kwa namna iliyokatazwa: iache elektroni na mwali mmoja wa mwanga, mgongo kwa mgongo, bila nyutrino. Ikitokea hata mara chache tu, basi ule ulinganifu tunaoufundisha darasani una ufa, na nyuma ya ufa kuna fizikia ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

"Kwa hiyo mzee ulikuwa unangoja kitu ambacho hakitokei?"

"Miaka kumi na minne."

"Kama mimi na fundi wangu wa bomba."

Nilicheka mpaka akanikataza. Kisha akauliza huyo mpwa yuko wapi. Nikasema yuko mbali. Si kweli, ni mwendo wa saa tatu kwa basi.

Ndani ya barua hii kuna bahasha nyingine. Itunze, tafadhali, na usiifungue mpaka nitakapokuwa nimezikwa. Utaelewa mengi.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Goti lilipona miaka minane iliyopita. Asante kwa kuuliza. Pole kwa moyo, nasema hivyo kwa dhati. Mume wangu hajambo, binti yangu amemaliza shule na sasa ananisahihisha kila nikifungua mdomo.

Mimi bado nakagua mizani. Naenda madukani na kisanduku changu cha mawe ya shaba, naweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya mwenye duka na kusoma. Ikiwa imepinda, kila mtu husema maneno yaleyale: imejipinda yenyewe, mama. Miaka kumi na saba sijakutana hata na mmoja aliyesema, nimeipinda mimi.

Bahasha yako nairudisha, na utaona gundi yake haijaguswa. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikupa bahasha nikakuambia, Mjomba, usiifungue isipokuwa nikiugua. Sikuugua.

Kama una neno la kuniambia, liandike kwenye karatasi ya wazi, ukiwa hai, ili niweze kukujibu.

Mtoto wa dada yako

15 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini nyumbani kwako wote ni wazima. Nilikaa na barua yako siku nne mapajani. Muuguzi alidhani ni barua ya hospitali.

Kumbe ulijua.

Basi naandika wazi. Unakumbuka utaratibu ulioutunga mwenyewe. Takwimu zote za eneo lile tulilolitafuta ziliingia kwenye sanduku lililofungwa ndani ya kompyuta, na mtu yeyote asizione mpaka tumalize kupanga mipaka yetu yote ya kuchagua matukio, ili macho yasije yakachagua yanachokitaka. Namba ya kulifungulia ilikuwa nusu mbili. Moja yangu, moja yako. Yako ukaiandika na kuitia kwenye bahasha, ukanipa niiweke kwa sababu uliniamini.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, watu wote wako kwenye chakula. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu. Niliishika ile bahasha juu ya mvuke wa birika la chai la ofisini, pale kwenye meza yenye mguu uliofungwa waya. Ilifunguka kirahisi. Niliweka nusu zote mbili, nikatazama.

Sanduku lilikuwa tupu. Miaka kumi na minne, muoni zisizohesabika, na ndani hakuna hata tukio moja.

Nilikaa mpaka nikasikia watu wanarudi. Baadaye nikapanua mpaka wa muda, ule unaoamua kama elektroni na mwali vimetoka pamoja. Kidogo sana, sehemu ndogo ya bilioni ya sekunde. Nikaandika sababu nzuri kwenye daftari, na sababu nzuri hazikosekani. Siku kumi na moja baadaye tulilifungua sanduku mbele ya watu wote, na kulikuwa na matukio matatu. Watu walipiga makofi. Wewe hukupiga. Ulisogea karibu na skrini ukasema, "Mjomba, mbona yote matatu yamekaa ukingoni?"

Maabara nyingine ilipotafuta kwa takwimu mara kumi ya zetu na isione kitu, kamati ikaitwa, ikakuta kwenye kumbukumbu za kompyuta kwamba sanduku lilifunguliwa mapema, kwa nusu zote mbili. Nilisema nusu yangu ilikuwa kwenye droo isiyo na kufuli, na wewe ulikuwa na ufunguo wa ofisi yangu. Wakaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwa na nusu yako. Nilivua miwani nikaifuta. Nikasema hakuna.

Nisamehe, kama linawezekana.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Habari za moyo? Sisi hatujambo.

Nilijua tangu siku ile ulipofuta miwani. Ilikuwa safi. Nilikuwa nimeketi mita mbili kutoka kwako nikingoja uivae na kusema, samahani, nimesahau, kuna bahasha. Ukaivaa ukaangalia dirishani.

Utajiuliza kwa nini sikusimama kusema mwenyewe. Mama alikuwa tayari amelala kitandani. Wewe ulikuwa ndugu yake wa pekee, na kila alasiri alikuwa anauliza, kaka hajafika? Nikajiambia nikikutaja, mama atalazimika kuchagua kati yetu, na hana nguvu hata ya kuchagua upande wa kulalia. Nikanyamaza. Wakaniondoa, kwenye barua wakaandika "kwa kukosa uaminifu". Barua hiyo imenifuata katika kila mlango niliobisha, mpaka nilipopata mahali ambapo hakuna anayejua muoni ni nini.

Na hata hivyo nilikuwa na faraja. Nilijua mama anajua mimi ni mtu gani. Wiki zake za mwisho hakuwa ananitazama machoni, lakini zile zilikuwa dawa, zilimlegeza.

Hujaniuliza ninachotaka. Nakwambia. Iandikie taasisi iliyoniondoa, ukiwa hai, kwa jina lako na cheo chako, yale uliyoniandikia mimi. Usiwaambie wafungue ukishakufa. Mtu aliyekufa hahojiwi, na wewe unalijua hilo vizuri, ndiyo maana uliipenda ile bahasha. Niletee nakala. Ukishafanya hivyo nitakuja kukuona.

Mtoto wa dada yako

20 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa mumeo, na kwa huyo msahihishaji wenu.

Nakala hii hapa. Mwandiko umeyumba kuanzia ukurasa wa pili, nilipumzika mara mbili. Muuguzi ameipeleka mwenyewe hadi kwenye dawati la katibu, na bahasha sikuitia gundi. Nilimwambia anaweza kuisoma njiani. Aliisoma. Kesho yake alikuja, akanipima mapigo ya moyo, akaandika. Wakati wa kutoka akasimama mlangoni.

"Mzee, yule mpwa ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na ulimwachia lawama miaka yote hiyo?"

Nikasema ndiyo. Akafunga mlango polepole mno, kama watu wanavyofunga wanapotaka kuubamiza.

Ukija, njoo asubuhi. Mchana napotea usingizini.

Mjomba wako

28 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

U hali gani? Unakula? Muuguzi mpe salamu zangu, nimeshampenda.

Taasisi wameniandikia. Wanasema wameipokea, watafungua jalada upya, na wananiomba nifike nitoe maelezo. Niliisoma barua yao nikiwa kazini, nyuma ya duka la nyama, nikakaa juu ya kreti. Mwenye duka akadhani nimeikuta mizani yake imepinda, akaanza kukiri hata ambayo sikumwuliza. Ni wa kwanza. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Sitakudanganya kwamba hasira imekwisha. Lakini nimechoka kuibeba, na hukumbuki labda, ni wewe uliyenifundisha kuhesabu, kwa vifungo vya shati lako.

Nitakuja Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa nne asubuhi. Nitabeba mizani nikupime, tuone kama kweli umekonda au unatafuta huruma.

Ombi moja tu. Kama kuna kitu kingine chochote kilichobaki, kitoe sasa. Sitaki kufika hapo, ninywe chai yako, kisha siku moja nikute droo nyingine.

Mpwa wako

4 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi mno kwa barua yako, na ningeweza kuishia hapo. Ningekusubiri, ungekuja, tungekunywa chai. Nimejaribu siku tatu kuishia hapo.

Kuna kitu kimebaki. Naandika mapema ili kikufikie kabla hujapanda basi.

Mama yako aliniuliza. Ilikuwa alasiri, wewe ulikuwa umetoka kwenda kuchukua dawa. Alikuwa ameegemea mito miwili, na redio iko chini kabisa. Akasema, "Kaka, niambie wewe uliyekuwepo. Mtoto alifanya?"

Ningeweza kusema hakufanya, bila hata kusema ni nani aliyefanya. Neno moja tu. Niliogopa angeuliza la pili.

Nikasema, "Vijana wana haraka, dada. Nimewaomba kamati wasimwumize sana."

Alinishika mkono. Alinishukuru kwa kukutetea.

Alifariki wiki tatu baadaye. Hazikuwa dawa, mwanangu. Hakuwa anakutazama machoni kwa sababu alikuwa anangoja umwambie mwenyewe, na aliona haya kwa niaba yako.

Hili sikuiandikia taasisi, haliwahusu. Wala halikuwamo kwenye ile bahasha uliyonirudishia. Sikuwa nimekusudia ulijue kamwe, hata nikiwa kaburini.

Saa nne Jumamosi mlango utakuwa wazi.

Mjomba wako

15 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, wewe na nyumba yako. Muuguzi ananiandikia, mkono haushiki tena kalamu. Amekubali kuandika kila ninachosema bila kukisahihisha.

Jana asubuhi muuguzi alinivalisha shati jeupe, akaniweka kwenye kiti kinachotazama mlango tangu saa tatu. Vikombe vilikuwa viwili. Saa nne kasoro robo mlango uligongwa, alikuwa mleta gesi. Saa nne na dakika kumi ukagongwa tena, nikasema pita, akaingia jirani kuomba ngazi. Saa sita muuguzi alirudi, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha asubuhi. Alivitazama vikombe, akaketi karibu nami mpaka jioni.

Unakumbuka ulivyokuwa unawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walipoogopa kwamba tutatafuta tusipate? Ulisema sifuri iliyopimwa kwa haki ni jibu, iandikeni kama ilivyo.

Muuguzi amesema huenda basi liliharibika. Amesema huenda barua yangu ilichelewa, huenda ulimaanisha Jumamosi nyingine, nikungoje wiki moja zaidi. Ni sababu nzuri zote. Nimemwambia asiandike hata moja, kisha nikamwambia aandike kwamba amezisema.

Mlango uligongwa mara mbili. Muuguzi hagongi, ana ufunguo. Hata mara moja hukuwa wewe. Safari hii sikupanua mpaka wowote.

Mjomba wako